Majivu Juu ya Shasi

Jumatatu, 3 Oktoba 1977

Daftari hili si langu. Patroni Kasereka amenipa niandike kila bolti imetoka wapi, isije siku ya kufunga tukabaki na bolti mkononi tunatazamana. Nimeandika bolti kumi na nne za leo upande wa mbele. Kisha nimeligeuza. Upande huu wa nyuma utakuwa wangu.

Kwenye kitambulisho mimi ni Ngoyi Kasanda. Jina langu la Barnabé liliondolewa na serikali pamoja na majina mengine ya ubatizo, na siku hizi anayeniita hivyo ni mke wangu Émilienne peke yake, naye yuko Kabongo, kule Shaba, siku nyingi za treni kutoka hapa. Nilikuja Kindu na kikosi cha kubadilisha mataruma ya reli. Kazi ikaisha, kikosi kikarudi, mimi nikabaki kitandani na homa. Huu ni mwaka wa tatu nabeba magunia bandarini. Shingo yangu sasa inageukia upande mmoja tu.

Leo sikubeba gunia hata moja. Leo nimegonga kutu.

Jumanne, 4 Oktoba

Nieleze vizuri. Patroni Kasereka ni mfanyabiashara wa Butembo, ana duka la chumvi na vitenge hapa mtaani Kasuku. Mwezi uliopita alinunua shasi ya lori iliyokuwa imelala katika majani ng'ambo ya mto. Haina injini, haina kibanda cha dereva, haina gurudumu. Ni mihimili miwili mirefu ya chuma na vipingo sita vya kuishikanisha, basi. Watu ishirini tuliivuta hadi kwenye kivuko. Sasa iko uani kwake juu ya mataruma ya zamani.

Asubuhi ametusimamisha mbele yake, mimi na mwenzangu Bulaimu.

"Injini itakuja na treni kutoka Lubumbashi, na fundi atakuja nayo," alisema. "Fundi Badibanga haweki injini juu ya kutu. Mukisafisha hii shasi mpaka chuma ionekane, na mukiipaka rangi mbele treni haijafika, niko na lori. Mukishindwa, mukubwa wa barabara anaomba hii mihimili miwili kwa daraja ya njia ya Kibombo. Nitamupa, naye atashukuru."

Kisha akanitazama mimi.

"Lori ikitembea, itaomba konvoyere. Muntu wa kukaa juu ya mizigo, kufunga kamba, kuweka kabari chini ya gurudumu kwenye mulima. Bulaimu hataki."

"Mimi nikipanda juu ya meza, kichwa inazunguka," alisema Bulaimu.

"Basi njo weye, Ngoyi. Na chumba ya nyuma ya duka itakuwa yako. Ulete bibi yako."

Nimekwenda kukitazama chumba wakati wa chakula. Kina dirisha. Kina mlango unaofungwa kwa ndani. Nimeufunga na kuufungua mara tatu.

Jumatano, 5 Oktoba

Juu kabisa kuna lami iliyochanganywa na mchanga, ngumu kama ukoko wa sufuria. Chini yake rangi ya kijani. Chini ya kijani, buluu. Chini ya buluu, kutu inayotoka kwa maganda makubwa kama magamba ya samaki. Kila mwenye lori alipaka juu ya uchafu wa mwenzake. Mimi ndimi wa kwanza kuuliza ndani kuna nini. Nimelala chini ya chuma mchana kutwa, uso wote mweusi, na nimejikuta nacheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Tumegawana. Bulaimu mhimili wa kushoto, mimi wa kulia. Tutakutana kwenye vipingo.

Bulaimu ni mtu wa hapa hapa Kindu, mwislamu, mzee kuliko mimi kwa miaka kumi hivi, na mvivu. Mimi napiga kwa nyundo na patasi, vipande vinaruka. Yeye anakaa juu ya kigoda, anachovya gunia lililoloa ndani ya mchanga wa Lualaba, anasugua kiganja kimoja cha mahali kwa saa nzima, huku anaongea na kila mtu apitaye barabarani. Mchana ameondoka kwenda msikitini. Jioni nilipima: mimi hatua tatu, yeye hatua moja.

"Mzee, utamaliza mwaka wa ngapi?" nilimuuliza.

"Weye unapiga hiyo chuma sawa iliiba mbuzi yako," alinijibu. "Endelea. Nitakukuta."

Jumamosi, 8 Oktoba

Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tumezibua mfereji wa barabara mpaka saa tano. Mvua.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mvua. Turubai halitoshi, linafunika nusu. Tumekwangua nusu hiyo.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimefika katikati ya mhimili wangu! Bulaimu hata robo hajafika. Patroni amepita, akatikisa kichwa akitazama upande wa kushoto, akanipa sigara.

Jumatatu, 17 Oktoba

Aibu. Nilipopiga nyundo, patasi iliacha vishimo vidogo maelfu, na ndani ya kila kishimo kutu imebaki. Baada ya mvua tatu mhimili wangu umevaa madoadoa kama kanga. Mhimili wa Bulaimu, pale alipopita, ni mweupe. Unaweza kujitazama meno.

Amekuja, akaweka kidole juu ya doa moja. Akaniletea gunia na ndoo ya mchanga. Hiyo ndiyo dharau kubwa niliyowahi kupewa Kindu, nami nimeipokea kwa mikono miwili.

Nimeanza upya kutoka mwanzo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Kusugua. Mikono imevimba. Bulaimu amenifundisha kuchagua mchanga: ule wa pembeni mwa mto una udongo, hauli kitu. Wa katikati, uliochotwa na watu wa mitumbwi, unauma.

Jumanne, 25 Oktoba

Tunakwenda sambamba sasa, yeye huku, mimi kule, vichwa vinakaribiana kwenye vipingo. Nilidhani anaongea na wapita njia kwa uvivu. Kumbe kila mmoja anamwomba kitu: huyu brashi ya waya iliyokwisha kazi, yule kipande cha gunia, mwingine habari za treni. Nusu ya vyombo tunavyotumia vimeletwa na mdomo wa Bulaimu.

Habari za treni: injini inangoja behewa Lubumbashi. Itafika kama tarehe kumi mwezi ujao. Nilikuwa nimeshika brashi. Nimesugua mpaka mkono ukafa ganzi.

Ijumaa, 28 Oktoba

Imekwisha! Saa nne asubuhi tumekutana kwenye kipingo cha mwisho. Shasi nzima inang'aa, mwisho hadi mwisho, kama kisu kipya. Watu wameingia uani kuitazama. Mwalimu mmoja ameuliza kama ndiyo ile ile. Bulaimu amezunguka mara mbili mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, kisha akaoga na kwenda msikitini.

Lakini patroni yuko Kibombo kununua mchele mpaka kesho kutwa, na ufunguo wa ghala yuko nao. Ndani ya ghala kuna makopo mawili ya minyumu, ile rangi nyekundu ya kwanza inayopakwa madaraja ya reli. Chuma kitupu bila minyumu katika majira haya hakilali siku moja salama, na turubai linafunika nusu tu. Saa nane mawingu yakakusanyika upande wa mto, meusi kabisa. Kesho ni salongo, hakuna anayeruhusiwa kugusa kazi yake. Nikaona majuma manne ya kusugua yanakwenda na maji.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu kule Kabongo. Akimaliza kulima, hupaka majembe mafuta ya mawese na kuyaweka darini, na mwaka unaofuata yanashuka safi. Nikakimbia kwa Mama Hadidja, dada yake Bulaimu, anayepika sabuni nyumba ya pili. Nikamwomba debe moja la mawese.

"Ya kukaanga nini, debe muzima?"

"Ya kukaanga lori, Mama!"

Nilipaka kwa mikono, kwa tambara, nikaingia kila pembe, mpaka shasi yote ikawa ya rangi ya machungwa. Tone la kwanza lilianguka nikiwa kwenye kipingo cha mwisho. Mvua ikapiga. Nimesimama chini ya ukingo wa paa nikiangalia maji yanavyoteleza juu ya chuma, hayashiki, yanakimbia! Nilipiga makofi. Kweli, peke yangu, nilipiga makofi.

Jumapili, 30 Oktoba

Patroni amerudi. Nimepangusa kipande kwa tambara nikamwonyesha: hakuna doa moja la kutu. "Hii njo akili," amesema. Bulaimu ameigusa, akanusa kidole chake, akakipangusa ukutani. Nimedhani ni wivu.

Jumatatu, 31 Oktoba

Ningependa kuruka siku hii.

Tumepangusa mawese kwa matambara mpaka mkono hauoni kitu, tukafungua kopo la kwanza. Minyumu ilikwenda vizuri, nyekundu, nzito. Jua likatoka. Saa sita nimeona ya kwanza: rangi imekunjamana kama ngozi juu ya maziwa. Nikaigusa. Ikateleza. Mkono wangu uliivuta rangi ya urefu wa dhiraa, ikatoka yote kama soksi, na chini yake chuma kinang'aa kwa mafuta.

Kila mahali ni hivyo. Mafuta yameingia ndani ya chuma. Kopo moja kati ya mawili limekwisha bure.

"Petroli njo dawa," amesema Bulaimu.

"Petroli iko wapi Kindu?" ameuliza patroni. Hakupaza sauti, nami ningependa angepaza. "Hata muganga wa hospitali anatembea kwa miguu. Nani alikutuma kupaka mawese?"

"Kule kwetu tunapaka majembe, patroni."

"Jembe inapakwa rangi?"

Nikainama kuokota matambara.

"Treni ni siku kumi," amesema. "Kesho nitaongea na mukubwa wa barabara."

Jumanne, 1 Novemba

Leo Wakristo wanawakumbuka watakatifu wote. Nimekaa juu ya taruma nikitazama shasi. Ningeweza kurudi bandarini leo leo. Miguu haikutaka kwenda.

Jumatano, 2 Novemba

Nina furaha, lazima niandike haraka, maji yanachemka!

Mama Hadidja alikuja asubuhi kudai debe lake. Akatukuta mimi na Bulaimu tumekaa kama wafiwa.

"Munalilia mafuta?" alisema. "Bulaimu, weye ulizaliwa katika nyumba gani? Mama yetu alikuwa anaua mafuta na kitu gani kila siku?"

Bulaimu akajipiga paji la uso. "Majivu."

"Majivu! Maji ya majivu inakula mawese, inageuka sabuni, unamwaga maji, kwisha. Wanaume wawili, mandevu kama haya, na hamujui namna sabuni inapatikana."

Nilimshika mkono nikamzungusha uani kama siku ya harusi. Alinipiga na kitambaa cha kichwa: "Niache, muntu wa Shaba! Kalete kuni!"

Anachoma vikonyo vya chikichi na maganda ya ndizi, majivu yake anayaweka ndani ya kapu, anamwaga maji juu, na chini yanatoka maji ya rangi ya chai. Yakichemshwa yanauma kuliko pilipili.

Ijumaa, 4 Novemba

Tunaosha. Patroni amekubali kumngojesha mkuu wa barabara mpaka aone. Povu! Shasi imetoa povu toka kipingo cha kwanza hadi cha sita, povu jeupe linateremka mpaka barabarani. Wanawake wa jirani wamekuja na nguo chafu, hawakuona sababu ya kupoteza. Kitenge cha mtu kimeanikwa juu ya mhimili wangu. Ngozi ya viganja vyangu inachunika, sijali.

Hadidja amekaa juu ya kigoda cha Bulaimu akitoa amri: "Kule nyuma! Hamukuona kule? Yanateleza bado!"

Jumamosi, 5 Novemba

Asubuhi salongo. Mchana tumesuuza mara ya mwisho. Nimepitisha kidole: kinalia juu ya chuma, hakitelezi tena. Bulaimu, kwa shauri la dada yake, amepaka shasi yote majivu makavu, laini kama unga, yanywe unyevu mpaka Jumatatu tutakapofungua kopo la pili. Imekuwa nyeupe yote, kama mtu aliyetoka jandoni. Turubai mbili za kuazima, sasa inafunikwa nzima.

Jumapili, 6 Novemba

Jua kali. Nimeenda peke yangu kufunua turubai ili chuma kipate joto. Nilitaka tu kuitazama.

Kwenye mhimili wa kushoto, wa Bulaimu, karibu na pale springi ya mbele inaposhikwa, kuna uzi mwekundu juu ya majivu. Urefu wa kidole cha kati. Nikafikiri ni mawese yaliyobaki. Nikapangusa, nikanyunyiza majivu mapya, nikakaa.

Uzi ukarudi. Pale pale, umbo lile lile, na ncha yake imepinda kama mguu wa jogoo.

Nikapangusa tena. Ukarudi tena.

Nikaelewa. Mafuta yangu yaliingia mahali ambapo jicho haliingii, na sasa jua linayafukuza, yanatoka jasho juu ya majivu. Chuma kina ufa. Bulaimu alisugua hapo mpaka pakawa kioo na hakuona kitu, maana hakuna cha kuona. Bila mawese yangu hakuna mtu Kindu nzima angejua.

Nimekaa hapo mpaka jua likahama. Nikisema, patroni atatoa mihimili kwa daraja, ameshachoka na shasi hii. Nikinyamaza, minyumu itafunika. Shasi imebeba mizigo na ufa huu labda tangu enzi ya rangi ya buluu. Itabeba tena. Kwa nini ianguke siku yangu?

Jumatatu, 7 Novemba

Tumepaka. Rangi imeshika, imeshika kabisa! Nilimwambia Bulaimu tubadilishane pande. Nilianzia pale. Nimepaka pale mara mbili.

Jumatano, 9 Novemba

Imekauka. Nyekundu yote. Watu wanakuja tena kuitazama. Patroni amecheka na mimi mara ya kwanza tangu ile siku.

Alhamisi, 10 Novemba

TRENI IMEFIKA. Injini ndani ya sanduku, mapipa mawili ya dizeli, ekseli mbili na magurudumu, kibanda kimefungwa kamba, na fundi Badibanga juu ya vyote, mtu wa Kasai, mfupi, kofia imelowa mafuta. Tulisukuma kila kitu kutoka stesheni juu ya vigari vya bandari, na watu niliobeba nao magunia miaka mitatu walisaidia, wakinitania njia nzima: "Konvoyere! Konvoyere, usitusahau!"

Ijumaa, 11 Novemba

Badibanga ametembea na nyundo ndogo, anagonga, anainamisha sikio. Chuma kizima kinaitika kama kengele, amesema, chuma kibovu kinakohoa. Alianza upande wa kulia. Kila mahali paliitika. Akaja kushoto. Nilisimama nyuma yake.

Aligonga pale. Paliitika.

"Nani alisafisha hii?" aliuliza.

"Sisi wawili," alisema Bulaimu, kifua mbele.

"Nimeona shasi nyingi. Hii, hata kule kiwandani hawakuipaka hivi. Patroni, una lori. Jumatatu naweka injini."

Patroni ametoa ufunguo wa kile chumba mfukoni, mbele ya watu wote, akanipa. Bulaimu amenikumbatia. Nimeingia ndani, nimefunga mlango. Nimekaa sakafuni. Nimeanza barua kwa Émilienne na sikujua niandike nini baada ya jina lake.

Jumapili, 13 Novemba

Nimesema.

Ilikuwa hivi. Mama Hadidja alikuja mchana na wanawake wenzake wanne, kila mmoja na kapu. Walikuwa wanagawana nafasi za safari ya kwanza, Kalima, kwa wachimbaji ambao sabuni kwao ni shida. Lori halina hata injini na wao tayari wanagombana.

"Mimi nitakaa hapa mbele, nyuma ya kibanda," alisema Hadidja. "Sabuni yangu hapa. Ngoyi atakaa karibu, anishike kwenye mashimo."

Na kuonyesha mahali, aliweka kiganja juu ya mhimili wa kushoto. Pale pale. Kidole chake cha kati kilifunika ufa wote, kama alipimwa nao.

"Mbona unanitazama hivyo? Sina haki? Ni majivu yangu ilisafisha hii gari."

Niliacha ndoo. Nikaenda barazani ambapo Badibanga alikuwa anakula na patroni, nikamshika fundi mkono, mkono wenye ugali, nikamvuta. Nilijua nikifungua mdomo nitasema kitu kingine. Nilichukua kisu nikakwangua minyumu. Nikamwaga mawese, nikapangusa, nikapaka majivu. "Ngojeni," nilisema.

Tulingoja. Wanawake walisogea karibu. Jua lilikuwa linachoma. Nilianza kuogopa kwamba ule uzi hautatoka, na watanidhania mwendawazimu. Kisha ukatoka polepole, mwekundu, na ule mguu wake wa jogoo.

Badibanga alipiga magoti. Alitazama muda mrefu, akavua kofia.

"Nyundo yangu iliniambia pazima," alisema. "Weye ulijua tangu lini?"

"Jumapili ile nyingine."

"Na ukapaka rangi juu," alisema patroni.

"Ndiyo, patroni. Mara mbili."

Bulaimu alikuwa ananitazama. Yeye ndiye niliyeshindwa kumtazama. Alijivunia mhimili ule mbele ya mtaa mzima.

Nilitoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya shasi. Hakuna aliyeuchukua. Patroni aliingia ndani. Badibanga alibaki amepiga magoti anapima kwa kidole.

Jumatatu, 14 Novemba

Injini imebaki sandukuni. Asubuhi mtu wa mkuu wa barabara, aliyeitwa na patroni, amekuja na kamba ya kupimia, amepima mihimili yote miwili. Inatosha daraja kabisa, na inazidi. Nimeona patroni anamsikiliza huku anatazama ufunguo, ambao bado uko juu ya shasi, umelowa mvua.

Kisha Badibanga ametoka chini akiwa na kipande cha mkaa nyuma ya sikio.

"Patroni, mimi nilisafiri siku sita na hii injini, usiitoe shasi yangu mbele sijaongea. Ufa ni mufupi. Ufa mufupi ni kama nyoka mudogo, unatoboa tundu kichwani na tundu mukiani, hauendi tena mbele. Halafu juu yake tunalaza bamba nene, tunafunga na ribiti, ile misumari ya kupasha moto. Nipe kipande cha bamba zile zinazounganisha reli. Mahali hapo patakuwa na nguvu kuliko pengine pote."

"Na zingine?" aliuliza patroni. "Kama iko na ingine ambayo hatuoni?"

Badibanga akanielekezea kidevu. "Huyu ataiona. Mumupe mawese."

Kisha Mama Hadidja, aliyekuwa mlangoni bila kualikwa, akasema: "Na mimi nitaleta majivu."

Patroni alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Yule mtu wa barabara akakunja kamba yake.

Jumatano, 16 Novemba

Bulaimu amekwenda stesheni na mdomo wake, amerudi na bamba la reli. Zito kama ng'ombe. Hajasema na mimi siku tatu.

Alhamisi, 17 Novemba

Tundu mbili, ribiti nane. Fundi alizipasha moto mpaka zikawa nyekundu, mimi nikashikilia kwa ndani, Bulaimu akapiga nyundo. Kwenye ribiti ya nane aliniambia, bila kuinua kichwa: "Ungeniambia mimi. Ningekasirika siku moja. Siku moja tu."

"Najua, mzee."

"Shikilia vizuri."

Patroni amenirudishia ufunguo jioni. Amesema: "Siku nane ulinificha. Kwa hiyo kila safari, mbele muntu yeyote hajapanda, utapaka mawese na majivu, mbele ya abiria wote. Waone. Ukikataa, ufunguo unarudi."

Kukataa! Nimemwitikia kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, 24 Novemba

Sikukuu ya utawala. Gwaride, ngoma, hotuba. Tumesimama juani. Injini imeshawekwa, nimeifikiria wakati wote wa hotuba.

Jumamosi, 3 Desemba

Imeunguruma. Kuku wote wa Kasuku wamekimbia.

Jumapili, 11 Desemba

Tumerudi jana kutoka Kalima. Nilikwenda nimekaa juu ya magunia ya chumvi, upepo usoni, Mama Hadidja amenishika mkono kwa kucha zake zote, akipiga kelele kwenye kila shimo na kuniambia mimi ndiye ninayepiga kelele. Nimeweka kabari milima sita. Matope yalitumeza hadi ekseli mara mbili, tulichimba, tukatoka. Sabuni yote imekwisha. Shingo yangu inageuka pande zote, sijui ilianza lini.

Barua ya Émilienne nimeiandika leo na treni inaipeleka kesho. Nimemwelezea dirisha. Nimemwelezea na ufa pia, na siku zile nane, maana ataishi na mimi. Nimeweka sahihi Barnabé.

Kesho tunapakia tena. Abiria walishakuja mchana huu kuweka makapu yao, wakasimama kuniangalia nikiingia chini ya lori na kikombe cha mawese. Nilipaka bamba na pande zake zote. Nikapangusa. Nikanyunyiza majivu ya Hadidja, nikatoka, nikakaa pamoja nao juani.

"Tunangoja nini?" aliuliza mgeni mmoja.

"Nyamaza," alimwambia Bulaimu. "Angalia."

Tulingoja mpaka kivuli cha lori kikafika kwenye miguu yetu. Majivu yalibaki meupe.